Tupeane uzoefu: kadi ya mtandao ilipogoma kwenye seva ya FreeBSD au Linux

Wakuu, uzi huu ni wa waliowahi kukesha na seva isiyoshika mtandao. Wekeni na amri mlizotumia, lawama pekee hazitusaidii.

Naanza. Seva ya FreeBSD (mfumo endeshi, jamaa wa Linux) ilibadilishwa ubao mama, ikawaka vizuri, mtandao kimya. Ofisi nzima inashauri tubadilishe IP. Nikapiga ifconfig, amri ya kuonyesha kadi za mtandao: kadi inaitwa em0, huku /etc/rc.conf, faili la mipangilio, bado ina ifconfig_re0, yaani jina la kadi ya zamani. FreeBSD huipa kadi jina la draiva yake (programu inayoiendesha), hivyo chipu ikibadilika na jina hubadilika. Nikarekebisha, kisha service netif restart kuwasha upya kadi, na mara moja service routing restart kurudisha njia, maana ile ya kwanza huondoka na njia ya kutokea nje. Kama pciconf -lv, inayoorodhesha vifaa, ingeonyesha none0, hapo ndipo ningejua kadi imeonekana ila haina draiva.

Mdau, Mwanza:
Yangu ni Debian (aina ya Linux) ya zamani kwenye seva ya mtumba. lspci, orodha ya vifaa, inaiona kadi, draiva bnx2 ipo, mtandao hakuna. dmesg, kumbukumbu ya mfumo, ikasema wazi: femuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) haikupatikana. Sasa uipakue vipi bila mtandao? Flashi mkononi, hadi kompyuta ya jirani. Tangu Debian 12 ya 2023 femuwea huja ndani ya kisakinishi, vijana hamjui raha mliyonayo.

Mdau, Mombasa:
Mbaya zaidi ni ile inayofanya kazi nusunusu. Ping inapita safi, lakini kunakili faili kubwa ni kutambaa. Tulishuku diski, tukashuku draiva. ethtool, amri ya kukagua kadi, ikatoa 100Mb/s, Duplex: Half, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Kumbe swichi ya mtandao ilikuwa imefungwa kwenye 100 full, yaani pande zote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukiacha kujadiliana, mwingine hutambua kasi tu, duplex huangukia nusu, na migongano huanza pale data inapokuwa nyingi. Tulirudisha auto (zijadiliane zenyewe) pande zote mbili. Mtu aliyeifunga hakuacha hata karatasi!

Mdau, Dodoma:
Waya jamani, waya. 100Mb/s hutumia jozi mbili za nyaya ndani yake, gigabiti inataka zote nne. Badilisha waya kabla hujagusa draiva.

Mdau, Kigali:
Wa Mwanza, pakiti ya hiyo femuwea inaitwaje? Nina mtumba kama huo mezani sasa hivi.

Mdau, Mwanza:
firmware-bnx2; kwenye Debian za kabla ya 12 iko non-free (sehemu ya programu zisizo huru), tangu 12 iko non-free-firmware. Chukua ya toleo lako, siyo yoyote tu.