Akikamatwa Texas: kukaa kimya kunatosha?

Swali: Mtu akikamatwa Houston kwa kosa dogo la Daraja B, atawekwa ndani muda gani kabla ya kuonana na hakimu? Na akinyamaza tu, yuko salama?

Jibu: Ni ndani ya saa 48. Hapo anasomewa tuhuma na kupangiwa dhamana. Daraja B ni jela hadi siku 180, faini hadi dola 2,000. Kunyamaza tu hakutoshi: tangu kesi ya Berghuis katika Mahakama ya Juu ya Marekani (2010) inabidi atamke wazi, "Sijibu maswali, nataka wakili." Akisema "labda nitafute wakili", polisi wataendelea kumhoji.

Jibu: Simu za mahabusu hurekodiwa. Wengi hujichongea hapo, wanamsimulia shemeji kisa kizima kwa Kiswahili wakidhani hakuna atakayeelewa. Wakalimani wapo!

Mwuliza swali: Na kama hana hela ya wakili?

Jibu: Amwombe hakimu wakili wa kuteuliwa, ajaze fomu ya kipato. Kama si raia, asikiri kosa ili atoke haraka. Hata kifungo cha nje kinaweza kumfukuzisha nchini. Tangu kesi ya Padilla katika Mahakama ya Juu (2010), wakili ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo. Aulize kabla ya kusaini.