Pesa za timu ya kikapu ya shule: vitumbua, mdhamini, wahitimu au bonanza?

Mwalimu_wa_Michezo (Tanga)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja ya serikali hapa Tanga. Tuna timu mbili za mpira wa kikapu, wavulana 12 na wasichana 12, na mwezi Juni kuna UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mwaka jana wasichana walitolewa ngazi ya wilaya. Tulikuwa na mipira miwili, mmoja umechubuka mpaka nyuzi zinaonekana. Viatu ndiyo usiseme. Mchezaji anapotoka anakaa chini, anavua, na mwenzake anaingiza mguu kwenye kiatu kilekile kilicholowa jasho ndipo anaingia uwanjani. Mwamuzi anapiga filimbi kuharakisha na mtoto bado anafunga kamba. Lilinikaa hilo.

Bajeti niliyoandika: mipira minne 260,000, jezi 24 ni 600,000, viatu jozi 10 vya mtumba 200,000, rangi ya mistari, nyavu na kuchomelea ringi 140,000, nauli na chakula kwa mechi za kirafiki Muheza na Korogwe 300,000. Jumla 1,500,000.

Mzazi siwezi kumtoza. Elimu bila malipo ipo tangu Januari 2016, na wazazi wetu wengi ni wavuvi na mama lishe. Kwenye kikao zimetajwa njia tano: kuuza vitumbua na juisi, kuandika barua kwa wafanyabiashara, kuwatafuta wahitimu, kuandaa bonanza, na bahati nasibu. Naomba mnilinganishie, hasa nyinyi mliokwisha kufanya.

MamaWawili

Mwalimu, pole na hongera kwa moyo huo. Vitumbua tulivifanya miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya timu ya netiboli ya binti yangu, kwa hiyo hesabu yake ninayo kichwani.

Mchele unauloweka mchana, usiku unausaga na tui la nazi, iliki na hamira, unafunika uumuke. Saa kumi alfajiri mkaa umeshika, chuma kimekolea mafuta, unageuza vitumbua kwa kijiti kimoja kimoja. Tulikuwa tunatoa 200. Kwa shilingi 200 kila kimoja ni 40,000, ukitoa mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa kinachobaki ni 14,000. Gawanya bajeti yako kwa 14,000, utaona unahitaji zaidi ya siku 100 za kuamka saa kumi.

Na wanaoamka ni nani? Wasichana. Wavulana walikuja kubeba ndoo mara mbili, basi. Binti yangu alisinzia kwenye kipindi cha hesabu wiki nzima ya pili, na mwalimu wake akaniita. Siku ile nilizima jiko. Vitumbua ni vizuri kama kuna tukio ambalo watu wapo tayari na wana njaa, sisi akina mama tukakaanga siku hiyo moja. Usiwape watoto kazi ya kila alfajiri kwa ajili ya mpira, mwalimu. Nakusihi.

Duka_la_Vifaa

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo naandika kama mtu anayeombwa.

Barua nazipata kila wiki. Nyingi zinasema "tunaomba mchango wako wa hali na mali", halafu chini muhuri. Sijui wanataka nini, sijui kiasi, sijui kitakwenda wapi. Naiweka kwenye droo na inabaki humo. Siyo uchoyo. Nikitoa 20,000 kwa kila barua sitalipa kodi ya fremu.

Mara moja alikuja mwalimu na mwanafunzi mmoja, nahodha wa timu. Mtoto akasema, "Shikamoo baba. Tunaomba mipira miwili namba 6, hii hapa profoma, karatasi ya bei ya dukani." Akanyamaza. Bei niliiona, duka nililijua, nikampigia mwenye duka mbele yao na kulipa kwa simu. Wiki mbili baadaye nilitumiwa picha ya watoto wameishika ile mipira. Mpaka leo ipo ukutani nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo, mwalimu, usiniombe pesa. Vunja ile bajeti yako vipande. Rangi, nenda kwa muuza rangi. Ringi, nenda kwa fundi wa kuchomelea, saa moja ya kazi yake atakupa. Nyavu, kuna watu wa Tanga wanaosuka nyavu za samaki toka utotoni, watakusukia za kikapu zitakazodumu kuliko za dukani. Hiyo 140,000 inaweza kuondoka yote bila kushika shilingi.

Jambo jingine: kampuni za kubeti na za pombe zikija na jezi za bure, kataa. Ni watoto hao.

Mhitimu_2004

Naunga mkono wahitimu, ila kwa masharti.

Sisi tuna kundi la WhatsApp la watu zaidi ya 100. Tulichangia vitanda vya bweni katika shule tuliyosoma, na pesa yote ikaingia kwenye simu ya mtu mmoja tuliyemwamini. Hakuwa mwizi. Alifiwa, akachota kidogo kwa msiba, akarudisha, akaumwa mtoto, akachota tena. Mwisho wa siku yeye mwenyewe hakuweza kusema kimeingia nini na kimetoka nini. Vitanda vilinunuliwa nusu. Watu hawakugombana, walinyamaza tu, na ule ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Ilituchukua miaka mpaka mtu kuthubutu kutaja neno mchango tena.

Tuliporudi kuchangia tulitumia akaunti ya kikundi kwenye simu, ile ya M-Koba. Kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kila Ijumaa katibu anabandika orodha kwenye kundi: nani katoa, kiasi gani, imebaki ngapi. Mtu aliyetoa 5,000 akiona jina lake juu ya orodha, anamtag mwenzake wa dawati.

Wewe kama mwalimu usishike pesa hata siku moja. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni alisisitiza walimu wasiishike. Waachie kamati ya wazazi na mhitimu mmoja, bodi ya shule ijulishwe kwa maandishi.

Kocha_wa_Kisumu

Jambo kutoka Kenya. Huku kwetu kikapu huchezwa muhula wa kwanza, kwa hivyo pesa huwa tunazitafuta Desemba watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa likizo. Angalieni kalenda yenu vivyo hivyo: ni lini watu wenu wana pesa mkononi?

Harambee ya mgeni wa heshima nimeifanya mara mbili na siirudii. Unakodi hema, viti, spika, unapika, unamngoja mheshimiwa kuanzia saa nne mpaka saa nane. Anafika, anatangaza ahadi kubwa mbele ya kipaza sauti, watu wanashangilia, halafu unaanza safari ya kufuata ile ahadi ofisini. Na Julai 2024, Rais Ruto alipowaambia maafisa wa serikali wasishiriki harambee, njia hiyo ikawa nyembamba zaidi. Wazazi 200 wakitoa mia mia, hizo ziko mkononi jioni hiyohiyo.

Mtanga_Minnesota

Salaam kutoka kwenye baridi. Mimi ni wa Ngamiani, naishi Marekani, na mwanangu anacheza kikapu sekondari huku. Wazazi wana kikundi chao cha kuisaidia timu, na njia inayowaletea pesa nyingi kwa jasho dogo ni shindano la mitupo.

Kila mchezaji anapewa karatasi. Anapita kwa majirani, wajomba, mwenye duka, anawaomba ahadi: utatoa kiasi gani kwa kila mpira nitakaoingiza? Halafu siku moja wachezaji wote wanasimama kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na kila mmoja anatupa mara 100. Mwenzake anahesabu kwa sauti. Wakimaliza wanarudi na karatasi zao kukusanya.

Tuseme wasichana wako 12, kila mmoja ana watu wanane walioahidi shilingi 50, na kila mmoja anaingiza 45. Hiyo ni 2,250 kwa kila mtoa ahadi, mara watu 96, sawa na 216,000. Gharama ni karatasi na kalamu. Tena kitu ninachokipenda mimi: kabla ya siku hiyo watoto wanafanya mazoezi ya mitupo kuliko wakati wowote, kwa sababu kila mpira una thamani. Muda waliotumia kutafuta pesa ndiyo huohuo wa mazoezi. Ukiuza vitumbua, mazoezi yanasimama.

Tahadhari moja: mwekee mtoa ahadi kikomo. Bibi aliyesema 200 bila kufikiri asije akadaiwa 12,000.

Dada_Refa

Nimechezesha mechi za shule kwa miaka mingi, naomba niguse bajeti kabla ya njia.

Mwalimu, umeandika mipira minne. Wavulana wanatumia namba 7, wasichana namba 6. Ukinunua yote namba 7 wasichana watazoea uzito ambao hawatakutana nao kwenye mashindano. Gawa miwili miwili, na uchukue ya raba ya kuchezea nje, maana ile ya ngozi huliwa na saruji ndani ya muhula.

Pili, sijaona hijabu. Tanga hiyo, mwalimu, nusu ya timu yako bila shaka wanajistiri. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaruhusu kufunika kichwa tangu Oktoba 2017, ila wote watakaovaa wawe na rangi moja. Nimeona mtoto anacheza na mtandio wa shule umefungwa kwa pini, unamfungukia kila akiruka, mkono mmoja kwenye mpira na mmoja kichwani. Fundi cherehani atakushonea za kitambaa kinachovutika kwa bei ndogo. Usimuache mtoto achague kati ya stara yake na rebaundi.

Sasa njia. Mimi nasema bonanza, na mitupo ya ndugu yetu wa Minnesota iwekwe ndani yake. Waalike wakongwe wa mtaa, wale wanaocheza jioni, timu sita, kila timu ilipe ada ya kushiriki. Watu wa Tanga wakisikia wakongwe wanacheza, watakuja. Watoto wako wacheze mechi ya kati, uwanja ukiwa umejaa. Wengi wanaoombwa kuchangia timu za wasichana hawajawahi kuwaona wakicheza. Akina mama wauze vitumbua siku hiyo.

Fanya Februari. Ukichelewa mpaka Machi masika itakukuta, na uwanja wako hauna paa. Barua ya kibali ipite kwa mkuu wa shule, serikali ya mtaa na polisi mapema. Bahati nasibu achana nayo kabisa, inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na wanaouza tiketi watakuwa wanafunzi.

Duka_la_Vifaa

Dada Refa umesema kweli. Mwalimu, rangi ya mistari ni juu yangu. Na ile mipira miwili namba 6, mtume nahodha wako na profoma. Nimekutumia namba kwenye ujumbe wa faragha.

Mwalimu_wa_Michezo (Tanga)

Sijui niseme nini. Duka_la_Vifaa, Mungu akubariki, baba.

Nimekaa na nahodha wote wawili na mama mmoja wa kamati, tumeandika upya. Wasichana wanaovaa hijabu ni wanane, fundi anashona kwa 6,000, ni 48,000, kwa hiyo jumla ilipanda kuwa 1,548,000. Fundi wa kuchomelea amekubali kuifanya ringi bure, na mzee mmoja wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, anasuka nyavu. Pamoja na rangi, ile 140,000 imeondoka. Mipira miwili imeondoa 130,000. Halafu nahodha wa wavulana akasema jezi zao za zamani bado zinavalika, wanunuliwe wasichana kwanza. Sikumwambia mimi. Hiyo ni 300,000. Imebaki 978,000.

Bonanza ni Jumamosi ya mwisho ya Februari. Timu sita za wakongwe kwa 50,000, na kiingilio 1,000 tukipata watu 300, ni 600,000. Tukitoa 150,000 ya spika, maji na waamuzi, inabaki 450,000. Mitupo tumeiweka kwa hesabu ileile ya 216,000, wavulana nao watatupa, lakini chao tunakiacha kama akiba. Kilichobaki ni 312,000, karibu sawa na nauli na chakula, na hicho ndicho pekee tutakachowaomba wahitimu, kwa akaunti ya kikundi. Simu yangu haitaingia humo.

MamaWawili, hakuna mtoto atakayeamka saa kumi.

MamaWawili

Nitakuja na chuma changu. Niandikie vitumbua 300.

Mtanga_Minnesota

Niandike kwa nahodha wa wasichana. Shilingi 500 kwa kila mpira, bila kikomo. Anaingiza ngapi kwa sasa?

Mwalimu_wa_Michezo (Tanga)

Jana jioni alijipima. Ni 41 kati ya 100. Nimemsomea ujumbe wako, akauchukua mpira akarudi kwenye mstari, na giza lilikuwa limeshaingia.