Ziara ya walimu Ulaya mwezi wa nane, ajenti anataka depositi, mnaonaje?

MwalimuLangoni (Lamu)
Asalaam alaykum wanajamvi. Mimi nafunza Historia na Serikali hapa Lamu, huu mwaka wa 14 sasa. Kuna ajenti katuletea karatasi ya ziara ya masomo kwa walimu, siku tisa, Brussels, Luxembourg, Strasbourg mpaka Hague, eti tutaziona taasisi za Umoja wa Ulaya zote kwa macho na tukirudi kila mtu na cheti chake. Bei 465,000 kwa kichwa, depositi 80,000 kabla mwezi haujaisha. Walimu saba tushaandikisha majina. Kwenye karatasi kuna vitu kama hivi: kuingia Bunge la Ulaya yuro 60, makumbusho yuro 35, visa za nchi nne yuro 360. Safari tarehe 3 hadi 11 mwezi wa nane manake ndo likizo yetu. Bibi yangu anasema pesa hiyo tumalizie paa, mimi nasema mtu umesimama ubaoni miaka yote hiyo unaeleza mambo ya mabunge na mahakama za watu na hujawahi hata kukanyaga mlangoni. Yuko alokwenda? Inafaa ama ndo tushaliwa?

BintiMalindi
Wa alaykum salaam mwalimu. Mimi nilikwenda, tulialikwa na skuli moja ya huko Ubelgiji tuliyokuwa tukiandikiana nayo barua za wanafunzi, kwa hivyo nikwambie nilichokiona mwenyewe. Kwanza hiyo yuro 60 ya Bunge ifute. Kuingia Bunge la Ulaya ni BURE, Brussels bure na Strasbourg bure, mnachohitaji ni kubuki mapema kama kikundi na kila mtu paspoti yake mkononi. Parlamentarium, ile sehemu yao ya maonyesho hapo Brussels, bure. Na Nyumba ya Historia ya Ulaya, ile ilofunguliwa 2017, pia bure, iko ndani ya bustani kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa kliniki ya meno ya watoto, wenyeji wetu walitwambia hilo tukacheka sana. Sasa hiyo yuro 35 sijui ni ya makumbusho gani, muulize akutajie jina.

Visa ndo kabisaa. Ubelgiji, Luxembourg, Ufaransa na Uholanzi zote ni Schengen, visa ni MOJA, yuro 90 kwa mtu mzima, unaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Huyo jamaa kachukua 90 akazidisha mara nne akakuwekea 360, hesabu ya darasa la tatu hiyo. Ila alama za vidole lazima ufike Nairobi mwenyewe, kwa hivyo piga hesabu ya boti mpaka Mokowe, basi, na kulala huko. Na uwe na bima ya safari isopungua yuro 30,000, barua ya mwajiri na stetimenti ya benki.

Lakini pesa si ndo kubwa mwalimu wangu. Kubwa ni mwezi wa nane. Mwezi wa nane Bunge lote liko likizo! Strasbourg wanakaa kikao siku nne kwa mwezi, Jumatatu hadi Alhamisi, na mwezi wa nane hakuna kabisa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg nayo iko mapumzikoni. Mtapigwa picha na viti.

Sisi tulikwenda wakati wa kikao, tukapanda juu kwenye baraza ya wageni, kila kiti kina visikizio na kitufe cha kuchagua lugha, lugha 24. Mimi nikabonyeza zote moja moja natafuta Kiswahili kama mjinga, mwisho nikarudi Kiingereza. Chini mzee mmoja anazungumza kwa ukali juu ya samaki, nani avue wapi na kiasi gani, na ukiangalia pembeni kwenye vyumba vya vioo unawaona wakalimani wanarusha mikono kama wao ndo wenye hasira. Hapo ndo nilielewa kwanini sheria moja kwao yachukua miaka. Hilo hulipati kwenye viti vitupu.

KasaWaShela
465 elfu??? ndugu yangu nunua injini ya boti, mwezi wa nane utupeleke sisi Manda na cheti tutakuandikia 😂

MtuWaPate
Mwalimu, hapo kwa Hague pia mtauziwa mbuzi kwenye gunia. Kule hakuna bunge wala mahakama ya Umoja wa Ulaya, ziko mahakama za dunia. ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ndo ile ya wale Wakenya sita, haina uhusiano na Brussels. Na Jumba la Amani ni ICJ, mahakama ya Umoja wa Mataifa, majaji 15, ndo walotoa hukumu ya mpaka wa bahari yetu na Somalia tarehe 12 Oktoba 2021. Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa, wavuvi wa Kiunga wanaujua mstari huo kuliko wanasheria. Kwa hivyo kwenda nenda, kwa mwalimu wa Lamu nadhani Hague ina faida kushinda Brussels, lakini asikuambie ni "taasisi za Umoja wa Ulaya".

Na Strasbourg angalieni msichanganye. Baraza la Ulaya na ile mahakama ya haki za binadamu ni kitu mbali, nchi 46, na Bunge ni la nchi 27. Bendera ni moja ile ile ya nyota 12, Baraza ndo walikuwa nayo kwanza tangu 1955. Hata magazeti yetu hukosea.

BintiMalindi
@MtuWaPate ahsante, hilo la bendera hata mimi niliambiwa nikasahau.

MwalimuLangoni (Lamu)
Mashallah, mumenifungua macho. Nimempigia sasa hivi. Nikamuuliza yuro 60 ni ya nini na Bunge ni bure, akasema ni "ada ya usumbufu". Usumbufu wa nani sikuelewa. Nikamuuliza mwezi wa nane kuna kikao, akasema kuna, nikamwambia nitumie ratiba, simu ikawa haina chaji.

Watano tushafuta majina yetu, wawili wamekazana kwenda. Swali la mwisho: likizo ya mwezi wa nne inafaa?

BintiMalindi
Inafaa, ila hepa wiki ya Pasaka, hawakai. Ratiba ya mwaka mzima iko kwenye tovuti ya Bunge, chagua wiki ya Strasbourg kwanza ndo ubuki ndege, si kinyume. Na kama hela hazijafika, mwezi wa nane huo huo panda basi uende Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko pale, Bunge la Afrika Mashariki liko pale, na huhitaji visa. Piga simu kwanza uulize kama wana kikao.

KasaWaShela
na injini utaninunulia?