Mkaa mbadala: kuna hela au tunadanganyana?

Mstaafu_Kibaha: Wakuu, habari za mchana. Kiinua mgongo kimebaki milioni mbili. Nataka mashine ya vitofali vya mkaa, nikusanye chenga na vumbi kwenye magenge ya mkaa. Tangu Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kuni na mkaa, kwa hiyo soko la shule naliona. Ni biashara au porojo?

TanuriBovu: Mzee, soko la shule lina wenyewe. STAMICO, shirika la madini la serikali, wanatoa mkaa wa Rafiki unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, wewe na kimashine cha kuzungusha kwa mkono utawaweza? Hela iko porini. Tanuri la kienyeji unachoma kuni tani kumi, unaambulia mkaa tani moja na kitu, mbili ukibahatika. Kausha magogo, yapange vizuri, weka bomba la moshi, mkaa unaongezeka bila kukata mti mwingine. Kilosa vijiji vinavuna kwa vitalu, ushuru unajenga madarasa.

MamaKijiko: Wanaume mnavyouongelea mkaa, mtu atadhani mnapika. Vitofali majivu tele, ukipepea yanatua kwenye mboga. Gesi nayo, maharage yanatoka hayana ladha.

GesiKwanza: "Hayana ladha"! Ndiyo maana hatufiki. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, mama unanusa moshi unauita kiungo. Nunua presha kuka ya umeme. Chungu cha maharage hakimalizi uniti moja, na uniti haifiki shilingi 400.

MamaKijiko: Mwanangu, nalisha mafundi arobaini kila mchana. Hicho kisufuria chako cha lita sita nipikie mara ngapi? Na umeme ukikatika saa tano, wale maneno yako?

MtuWaMbeya: Loweka maharage usiku. Nusu ya moto mnaounguza ni uvivu tu.

TanuriBovu: Maji yanatoka mekundu, unamwaga utamu wote halafu unajisifu. Kwetu anayeloweka ni mgonjwa wa tumbo.

MtuWaMbeya: Kwenu ndio mnaochemsha kuanzia asubuhi hadi adhana ya alasiri, halafu unatufundisha kubana mkaa? Bomba la moshi kwenye tanuri, jikoni gunia linateketea kwa maharage makavu!

TanuriBovu: Usiingize kwetu.

MtuWaMbeya: Umeingiza wewe.

Mstaafu_Kibaha: Jamani, mashine…

BandaLaKuku: Mzee, achana na shule, wanalipa kwa mkopo. Tafuta wafugaji. Kifaranga wiki tatu za mwanzo anataka joto usiku kucha, na kitofali kizuri kinakaa na moto mdogo mpaka alfajiri, moshi hakuna. Ila nikwambie kilichonikuta: niliuziwa gunia masika, havijakauka, uji wa muhogo uliotumika kushikisha umeota ukungu, nusu nikafikisha vumbi. Jenga kichanja chenye paa kwanza, mashine baadaye. Na chenga uzichekeche, za magengeni zina mchanga, huo ndio unaoleta majivu anayoyasema mama.

MamaKijiko: Huyu kaongea. Eti MtuWaMbeya, unaloweka kwa maji ya moto au ya baridi?

TanuriBovu: Mama, na wewe umenunuliwa?