Mjadala: Je, ni sahihi kupiga marufuku mazungumzo ya dini miongoni mwa marafiki?

Mtoa mada

Naileta hoja hii nikiwa tayari na msimamo, na naomba nipingwe kwa hoja. Makundi mengi ya marafiki, ya wafanyakazi na ya watu waliosoma pamoja yana kanuni ambayo kila mtu ameshaizoea: hapa hatuzungumzi dini wala siasa. Siasa nawaachia wengine. Kuhusu dini, nasema kanuni hiyo haifanyi kazi iliyowekewa, na mara nyingi inazidisha uchungu uleule uliokusudiwa kuzuiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Sisi ni marafiki tuliotawanyika Dar es Salaam, Tanga, Mbeya, Mombasa na Muscat, na Jumamosi ndiyo siku yetu ya porojo kwenye kundi letu la mtandaoni. Jumamosi iliyopita tulianza na Simba na Yanga, tukahamia kwenye bei ya nyama, ndipo mmoja wetu akaweka picha ya sinia la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ndizi za kukaanga zimepangwa kando pamoja na kachumbari na ndimu iliyokatwa, akaandika kwamba watu wa swala tano wanakaribishwa kula ndizi. Wawili wakacheka. Wa tatu akajibu kwamba najisi haikaribishwi wala haikaribishi. Kufikia adhuhuri aya zilikuwa zinarushwa kutoka pande zote mbili, na msimamizi wetu, kwa nia njema kabisa, akatangaza kwamba kuanzia saa ile dini ni marufuku.

Ninachokilalamikia ni kwamba marufuku ilishuka wakati kelele zimeshaanza kupungua na watu wameanza kuelezana. Mwenzetu wa Tanga alikuwa ametoka kuonyesha kwamba aya zinazokataza nyama hiyo, katika Al-Baqara 173 na Al-Maida 3, zinamwachia nafasi mtu aliyebanwa na njaa bila kukusudia uasi. Ndugu wa Mbeya alikuwa ameeleza kwamba Wakristo wengi wanaokula nguruwe hutegemea, pamoja na mengine, ono la Petro katika sura ya 10 ya Matendo ya Mitume. Kulikuwa na jambo ambalo wote wawili walilisahau: mmoja wetu ni Msabato, na Wasabato hawali nguruwe, kwa kufuata Walawi sura ya 11, na ono hilohilo la Petro wao hulisoma kwamba linahusu watu wa mataifa, wakiutaja mstari wa 28 ambapo Petro mwenyewe analifafanua hivyo. Kwa hiyo ule mpaka wa Mkristo huku na Mwislamu kule haukuwa sahihi tangu mwanzo. Msabato wetu alikuwa ibadani, na huwa hafungui simu hadi jua lizame. Alipoifungua alikuta ameshasemewa na kila upande na mlango umefungwa.

Hofu ya msimamizi naielewa, maana nchi hii ina kumbukumbu. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 1998 damu ilimwagika Mwembechai, penye msikiti jijini Dar es Salaam, kufuatia malalamiko kwamba mihadhara ya pale ilikuwa inaukashifu Ukristo. Februari 2013 mchungaji aliuawa Buseresere, mkoani Geita, katika ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja. Hata hivyo, tazameni kwa makini yale ya Mbagala, Dar es Salaam, ya Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana kuhusu kitakachompata mtu atakayeivunjia heshima Kurani, mmoja akaamua kujaribu kwa kuikojolea, na siku chache baadaye makanisa yalikuwa yanashambuliwa na kuchomwa moto. Watoto wale hawakuwa wanajadili dini. Walikuwa wanatambiana, na kila mmoja aliona aibu kurudi nyuma. Huo ndio ugonjwa ninaouona hata kwenye sinia la kitimoto: mtu anasema mbele ya watazamaji, na watazamaji wanasubiri kuona nani atashindwa.

Niongeze jambo moja kuhusu mzaha. Watu wa bara tumelelewa katika utani, na Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo neno msibani ambalo mtu mwingine angelisema angepigwa, kwa sababu pande zote mbili zilirithi makubaliano ya nini kinasemwa, nani anasema na nani hana haki ya kukasirika. Baina ya dini na dini hakuna makubaliano kama hayo. Aliyeweka picha ile alidhani yuko kwenye utani, ilhali hakuwa na mtani. Hilo lingemalizwa kwa kumwambia, bila kuwafunga midomo watu wote.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi ndiye msimamizi anayetajwa, kwa hiyo nitajibu bila kujificha. Ndugu yangu mtoa mada ameandika vizuri, lakini ameandika kama mtu ambaye simu yake haitakuwa ya kwanza kupigiwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, inamfanya mkosaji mtu anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Kenya nako kifungu cha 138 cha sheria yao ya adhabu kinafanana nacho, na tangu 2015 Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao juu yake. Yeye anazungumzia hoja, mimi nazungumzia picha za skrini. Sentensi moja iliyosemwa kwa mzaha baina ya watu wanaojuana miaka mingi ikichomolewa na kupelekwa kwa watu wasiotujua, hakuna atakayeiambatanisha na kicheko chake.

La pili, kwenye mhadhara msikilizaji huenda kwa hiari yake, na asipopendezwa huondoka bila kuulizwa. Kwa marafiki ukitoka unaonekana umevunja urafiki. Mtu analazimika kukaa akisoma imani yake ikichezewa, na ukimya wake unahesabiwa kuwa ni uvumilivu. Ndiyo maana nilifunga, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Mchangiaji wa pili, Tanga

Assalaam alaikum, na salamu kwa wasiokuwa Waislamu pia. Mimi nafundisha madrasa, na ndiye niliyenukuu zile aya, kwa hiyo mnichukulie kama mhusika.

Ndugu msimamizi ametaja kifungu cha 129. Afadhali tukisome hadi mwisho wa safari yake mahakamani. Mwaka 2001 mhubiri mmoja wa Kiislamu alihukumiwa Morogoro kifungo cha miezi 18 chini ya kifungu hichohicho, kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Hukumu hiyo ilizua maandamano Dar es Salaam. Mahakama Kuu ilimwachia huru lakini ikaacha hatia ibaki, akaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 hatia hiyo ikatenguliwa. Kwangu mimi shauri lile lina funzo la moja kwa moja kwa mjadala huu. Nikisema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, ninasoma Suratul-Ikhlas ambayo naisoma katika swala zangu, na Mkristo akisema Yesu ni Mwana wa Mungu anakiri imani yake. Tukihesabu kila moja ya kauli hizo kuwa tusi, basi sote ni wakosaji kila siku ya Mungu. Kinachotafutwa ni makusudi ya kuumiza, nayo hayafichiki sana. Picha ya kitimoto iliyoambatanishwa na mwaliko wa swala tano ilikuwa nayo, ingawa kidogo, na neno langu mimi kuhusu najisi lilikuwa nayo zaidi.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Muungano inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Msimamizi wa marafiki hafungwi na Katiba, nakubali, ila asitumie sheria kana kwamba inamlazimisha kufunga.

Mchangiaji wa tatu, Mombasa

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba dini ni mada ya kuchagua, kama mpira. Huku kwetu ukoo mmoja unakuwa na Waislamu na Wakristo, na mambo yao hayasubiri ruhusa ya msimamizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, inampa Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama yake. Je, mzee akifa akaacha watoto wa dini mbili, wanakwenda wapi? Swali hilo linatakiwa kuulizwa mzee akiwa hai, na mahali pa kuliulizia ni kwa marafiki unaowaamini.

Nitawapa mfano mwepesi zaidi. Kazini kwetu dini ni marufuku kama mnavyotaka iwe hapa. Baba wa mwenzetu Mwislamu alipofariki, Wakristo kadhaa walikuwa wanapanga michango ya jeneza na shada za maua kwa ajili ya mazishi ya keshokutwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza. Walipofika na fedha zao maiti ilikuwa imeshazikwa tangu alasiri ya jana yake, kwa sanda, bila jeneza. Mfiwa hakulaumu mtu. Lakini aibu ile ilitokana na ukimya tuliojiwekea wenyewe, na swali la nusu dakika lingetosha.

Mtoa mada

Namshukuru dada wa Mombasa, maana ameileta hoja yangu karibu zaidi kuliko nilivyoweza. Kwa ndugu msimamizi nakubali hoja ya hiari. Ni nzito na sikuwa nimeipa uzito wake. Ya picha za skrini siikubali, kwa sababu picha za maneno ya mpira na ya siasa nazo husafiri, na hizo hajazifunga.

Badala ya marufuku napendekeza kila mtu azungumzie kitabu anachokiamini na amwulize mwenzake kuhusu chake, bila kumtafsiria. Picha za vyakula ziendelee, maelezo yake yasielekezwe kwa dini ya mtu. Na ule wimbo wa nani ni wengi nchini tuuache kabisa, kwa kuwa sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu ile ya 1967, na wanaorusha asilimia siku hizi wanazitoa vichwani mwao. Wenzetu wa Kenya huulizwa kwenye sensa yao, kwa hiyo wao wabishane watakavyo.

Suala la kuondoa au kubakiza marufuku lipigiwe kura, na naomba isiwe Ijumaa mchana, wala Jumamosi kabla ya magharibi, wala Jumapili asubuhi. Jumapili saa tatu usiku, kwa saa za Dar es Salaam, nadhani kila mmoja atakuwa amerudi nyumbani. Wa Muscat atatuvumilia, kwake itakuwa saa nne.