Wakuu, grafu yangu ya mwani wa Aktiki imekataa, nifanyeje?

Kijana_Uyole: Habari wakuu. Nipo mwaka wa tatu, chuo hapa Mbeya. Ripoti yangu inahusu mwani wa Svalbard, visiwa vya Norway kule Aktiki, karibu na Ncha ya Kaskazini, jinsi mwanga na kina vinavyoamua ustawi wake. Takwimu nimezitoa kwenye tafiti za watu. Grafu imekataa na nakusanya Ijumaa. Silali.

Mama_Mbegu: Imekataa vipi, mwanangu?

Kijana_Uyole: Mwanga hupungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo nilitegemea mwani ujae juu. Kumbe juu kabisa ni kiduchu, mita chache chini unajaa, ndipo unapungua.

Paje_Asili: Mama yangu kafunga mwani kwenye kamba miaka mingi. Siku hizi maji yakichemka unaoza wote. Acha huo, kalime parachichi.

Mama_Mbegu: Hizo namba za juu umezifanyaje?

Kijana_Uyole: Nimezifuta. Ni nukta tatu tu mama, sijaongeza kitu. Na nakala mbili nimeshachapa.

Mzee_Busara: Ndiyo mnavyoanza. Kesho utafuta deni la mwenzio.

Tukuyu_Mvua: Chai hii, tena ya kwetu Tukuyu. Mbeya na Aktiki wapi na wapi?

Kijana_Uyole: Si chai mkuu. Sayari tumesoma, nani kafika?

Mpiga_Mbizi: Chai au si chai, swali ni zuri. Kule barafu husugua miamba ya juu na kung'oa mwani, ndiyo maana unauona kiduchu. Chini zaidi mwanga ndio unaobana. Mwani mwekundu huvumilia kuliko wa kahawia. Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huleta tope, kina kilekile kikawa giza. Nukta ulizofuta ndizo ripoti yenyewe.

Kijana_Uyole: Na huu mwani wa kahawia, Laminaria solidungula? Unakua majira ya baridi, jua halichomozi miezi karibu minne!

Mama_Mbegu: Njoo Njombe uone stoo yangu. Jana nimefunua gunia la viazi mbegu: machipukizi meupe, marefu kama kidole, kiazi chenyewe kimesinyaa. Jua hakijaliona. Kinakula akiba.

Mpiga_Mbizi: Ndivyo hasa. Huo mwani huweka akiba kiangazi, gizani unatoa jani jipya.

Kijana_Uyole: Lakini hela ya kuchapa upya…

Tukuyu_Mvua: Weka picha ya grafu tuamini.

Kijana_Uyole: Naiweka usiku. Na zile tatu zikiwemo.