Distro gani ya Linux haisumbui kwenye kuinstoo na kuapdeti programu?

mjenzi_kodi: Wakuu habari zenu. Natumia distro (Linux iliyopangwa pamoja na programu zake) ya familia ya Ubuntu na nimeizoea, ila nikitaka programu yenye vasheni mpya kuliko iliyopo kwenye ripo (ghala la programu la distro) inabidi niongeze PPA (ripo ya nje), halafu siku ya kupandisha sistimu nzima ndo vitu vinaanza kugongana, apt (kifaa cha kuinstoo programu) inagoma au inataka kufuta mpaka desktopu yenyewe! Nafikiria kuhama. Kati ya Mint, Fedora na Arch ipi nafuu kwenye mambo ya pakeji (programu zilizofungashwa tayari kuinstoo)? Naandika kodi na kuhariri picha.

ripo_safi: Mkuu shida sio apt, shida ni kuchanganya ripo. PPA inaweza kuleta maktaba (kodi ambazo programu nyingi hutumia kwa pamoja) zenye vasheni tofauti na za sistimu, sasa pakeji moja inadai hii nyingine inadai ile, apt itafanyaje? Hata Fedora ukijaza COPR (ripo za nje za Fedora, kama PPA) hovyo yatakukuta yale yale. Programu za picha kama GIMP na Krita zichukue Flathub (ghala la mtandaoni) kama Flatpak (aina ya pakeji inayojitegemea), zinakuja na maktaba zao na hazigusi za sistimu, ila diski zinakula kweli. Mint inakuja na Flatpak tayari.

dnf_daima: Mi nasema Fedora. Toleo jipya linatoka kila miezi 6 hivi, so mtu wa kodi anapata vitu vipya bila kuhangaika na ripo za nje. Na kuna kitu watu hawakitaji kabisa, `dnf history` (dnf ndo apt ya Fedora), kila ulichoinstoo au kufuta kinaandikwa na namba yake, ukiona umeharibu unapiga `sudo dnf history undo` na ile namba inarudisha nyuma. Sio kila mara inakubali, vasheni ya zamani ikiwa haipo tena kwenye ripo itagoma, ila inaokoa sana.

pacman_tu: Arch ni nzuri na pacman (apt ya Arch) ina spidi, ila usiende huko kwa kutafuta urahisi. Ni lazima `pacman -Syu` nzima, yaani kuapdeti sistimu yote, ukipiga `-Sy` na jina la pakeji moja umeapdeti nusu nusu na hapo ndo sistimu inavunjika. AUR (ripo ya jumuiya ya Arch) nayo ni skripti za watumiaji wenzako, soma PKGBUILD (ile skripti yenyewe) kabla ya kujenga pakeji.

mjenzi_kodi: Asanteni sana. Kwa hiyo naweza kuokoa hii niliyonayo kwanza?

ripo_safi: Ndio, instoo `ppa-purge`, inazima PPA na kurudisha pakeji zake kwenye vasheni za ripo rasmi, fanya moja moja. Ukimaliza piga `apt -s full-upgrade`, hiyo `-s` inaigiza tu haibadilishi kitu, angalia orodha ya vinavyotaka kufutwa. Kama desktopu haimo humo endelea kuapdeti.